Muuzaji Apewe Mlango Wake

Ndugu msomaji, popote watu wanapokusanyika kwa kupenda jambo moja, hazipiti siku nyingi kabla hajatokea mtu wa kuwauzia kitu. Wapenda kuimba wakikusanyika, atakuja muuza sare. Wafuga nyuki wakikusanyika, atakuja muuza mizinga. Wapenda bustani wakikusanyika, atakuja muuza miche, na nyuma yake muuza dawa, na nyuma ya hao wawili atakuja mtu asiyeuza kitu ila sifa zake mwenyewe. Jambo hili si la kushangaza, wala si dhambi. Mtu atapata wapi riziki, kama si pale walipo watu? Lakini nimeona kwa macho yangu jinsi kikundi chema kinavyoweza kudhoofika kwa sababu hiyo, na jinsi kinavyoweza kupona. Kwa hiyo leo yafaa tulizungumze, maana nadhani hata kijijini kwako lipo.

Mimi ni karani wa parokia huku Malindi, katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Nilisoma chuo cha ualimu, na hata leo wazee huniita Mwalimu, ingawa kazi yangu ni kuandika vyeti vya ubatizo, kutunza madaftari na kusoma matangazo ya Jumapili. Huku kwetu kuna baridi na ukungu, na ardhi yapenda mapeasi, mapichesi, kabichi na viazi mviringo. Basi tunacho kikundi kidogo cha wapenda bustani. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya Misa, tunakaa chini ya mti nyuma ya ofisi, kila mmoja na kikapu chake. Huyu ameleta jani lenye madoa, anauliza ni ugonjwa gani. Yule ameleta vikonyo vya mpeasi aliopanda babu yake, awape wanaotaka kubebesha. Mama mmoja ameleta mbegu za maharage za nyumbani kwake, amezifunga katika pindo la kanga. Mimi naandika katika daftari: nani ameleta nini, na nani amechukua nini. Hatuna mfuko wala hatugawani faida. Tunapenda mimea, basi.

Uzuri wa kukaa hivyo ni imani. Ukimwuliza jirani yako swali naye akakujibu bure, unamwamini, maana hana anachopata. Lakini siku atakapoanza kupata kitu kwa jibu lake, mambo yanageuka. Jibu laweza kuwa lile lile, tena la kweli, lakini wewe huna tena njia ya kujua. Je, asema jani langu lina ugonjwa kwa kuwa lina ugonjwa, au kwa kuwa dawa iko dukani kwake?

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwetu. Kwanza alikuja kijana mgeni, amevaa vizuri, na mkobani mwake mna chupa ndogo ndogo. Dawa yake, kwa maneno yake mwenyewe, ilitibu mnyauko wa viazi, madoa ya majani, funza wa kabichi na hata miti isiyozaa. Chupa hazikuwa na karatasi yoyote ya kueleza kilichomo. Pili, mmoja wetu aliyeanzisha kitalu akawa kila swali alijibu kwa kukitaja kitalu chake. Ukiuliza habari ya samadi, jibu laishia kitaluni. Ukiuliza habari ya panya, jibu laishia kitaluni. Tatu, alikuwapo bwana mmoja ambaye hakuuza kitu, lakini hakuna mkutano uliopita bila sisi kusikia jinsi alivyovuna kuliko watu wote, na jinsi bwana shamba alivyokuja kwake kujifunza.

Haikupita nusu mwaka, daftari langu likaanza kusema. Maswali yalipungua. Akina mama waliokuwa wakileta mbegu za kugawa wakaacha kuzileta, maana ni nani apendaye kugawa bure mahali ambapo mwenziwe anauza? Watu waliendelea kuja, lakini walikaa kimya kama watu wanaosubiri basi.

Ndipo wazee wawili wakatoa shauri: biashara ipigwe marufuku kabisa. Walitaja methali tunayoijua sote, kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama mche ni mzuri, walisema, watu watauona shambani, wala hauhitaji mpiga debe. Wengine wakawajibu kwa neno lingine ambalo nalo ni la Waswahili: biashara ni matangazo. Nikaona kwamba Waswahili wenyewe hawakukata shauri hili. Wameacha maneno yote mawili, ili sisi tupime kila jambo kwa wakati wake.

Nami niliona kwamba methali ya wazee ina kweli, lakini si kweli yote. Yuko mjane mmoja katika kikundi chetu. Alijifunza kubebesha kwa kuwatazama wengine, na mikono yake ni myepesi kuliko ya mwanamume yeyote niliyemwona akishika kisu cha kazi hiyo. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na miche ya mapeasi iliyokwisha kushika, mizuri kabisa, nayo ilianza kuzidi ukubwa wa makopo yake. Hakuna aliyejua. Yeye aliona haya kusema, na nyumba yake iko mbali na barabara. Miche ile ilikuwa mizuri, lakini haikujiuza. Mwenye duka ana kibao chake barabarani, na mwenye gari ana kipaza sauti. Maskini ana mdomo wake tu. Ukikataza kabisa watu kutaja wanachouza, mwenye kibao haumii. Anayeumia ni yule mjane.

Basi, nilipokuwa nikitafuta njia, nilikumbuka ua moja. Ni ua la kwetu, na habari yake yapasa kujulikana zaidi na watoto wa Usambara. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga wakati wa ukoloni, aliona mmea mdogo unaomea kwenye miamba yenye kivuli, wenye majani ya manyoya na ua la rangi ya zambarau. Alipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akaupa jina la kitaalamu la Saintpaulia kwa heshima ya familia hiyo. Mfanyabiashara wa mbegu, Ernst Benary wa mji wa Erfurt, akaanza kuuza mbegu zake. Wajerumani hata leo huliita ua hilo kwa jina la Usambara. Likaenea katika madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani, hata mwaka 1946 wapenzi wake wakaanzisha chama chao katika mji wa Atlanta, Marekani.

Sasa angalia jambo linalotuhusu. Katika chama kile walikuwamo watu wa namna mbili. Walikuwamo akina mama na akina baba waliolea maua dirishani kwa kupenda tu, na walikuwamo wenye vitalu vikubwa waliouza maua hayo kwa maelfu. Hawakuwafukuza wenye vitalu, maana wao ndio waliozalisha aina mpya. Wala hawakuwaacha wakae juu ya vichwa vya wenzao. Mwenye biashara ana uanachama wake wa namna yake, unaojulikana kuwa ni wa biashara. Katika maonyesho makubwa ya chama, maua ya wapenzi hushindanishwa na maua ya wapenzi, na maua ya wenye vitalu na ya wenye vitalu. Na mauzo yana chumba chake. Anayeingia chumba cha mauzo ajua ameingia dukani. Anayeingia chumba cha maonyesho ajua amekuja kutazama. Mimi naona hiyo ni hekima kubwa: muuzaji apewe mlango wake, nao uandikwe jina.

Basi tulikaa, tukazungumza mikutano miwili mizima, tukaandika kanuni tano. Chuoni tulifundishwa kwamba watoto hushika upesi kanuni waliyoshiriki kuitunga, na watu wazima hawako mbali na watoto katika hilo. Nakuandikia kanuni zetu, labda zitakufaa.

Ya kwanza: mazungumzo kwanza, bei baadaye. Tukiwa chini ya mti hakuna kutaja bei ya kitu chochote. Mkutano ukiisha, mwenye kuuza anaweka vitu vyake kando ya uzio, na anayetaka anakwenda mwenyewe.

Ya pili: anayetaka kuuza kando ya uzio awe kwanza amehudhuria mara tatu, na katika hizo ameleta kitu cha wote: mbegu, kikonyo, au jibu la swali la mtu. Kanuni hii ndiyo ipimayo nia. Mwenye kuipenda bustani haoni taabu kuja mara tatu. Mwenye kupenda mifuko yetu tu huona ni mbali.

Ya tatu: anayejibu swali, naye anauza kitu kinachohusika na jibu hilo, aseme waziwazi, "Nami nauza kitu hicho." Hatumkatazi kujibu. Mara nyingi yeye ndiye ajuaye kuliko sote. Tunachotaka ni kwamba msikilizaji ajue.

Ya nne: sifa ya kitu itolewe na aliyekitumia, si na mwenyewe. Hapa tulifuata methali isemayo kwamba asifuye mvua imemnyea. Mwenye mche asiusifu. Aliyeupanda mwaka jana na asimame aseme ulishika au ulikufa. Kanuni hii ilimsaidia pia yule bwana wa kujisifu. Hatukumwambia neno baya. Tulimwomba tu alete kabichi lake tulione, na alipolileta, kumbe kweli lilikuwa kubwa, tukamwuliza alivyolilea, akatufundisha vizuri sana. Tangu siku hiyo anazungumza habari ya kabichi, si habari yake.

Ya tano: mbegu za dukani na dawa za kupulizia zionyeshwe zikiwa na karatasi zake. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 iliweka taasisi ya serikali ya kuthibiti ubora wa mbegu, iitwayo TOSCI, na paketi ya mbegu iliyothibitishwa ina lebo yake. Dawa za mimea nazo zasimamiwa na mamlaka iitwayo TPHPA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2020, na dawa isiyosajiliwa haina ruhusa kuuzwa. Tuliposoma kanuni hii, kijana wa chupa alifunga mkoba wake, na hatukumwona tena.

Labda wewe msomaji wasema, "Karani huyu anatusumbua kwa mambo ya miche. Mtu akidanganywa chupa moja ya dawa, hasara yake ni ndogo." Sivyo. Tukumbuke habari ya DECI. Huo ulikuwa mchezo wa upatu ulioenea nchini Tanzania, na mwaka 2009 serikali ikausimamisha. Watu waliambiwa wapande fedha kama mbegu, nao watavuna mara mbili au zaidi. Fedha za waliovuna hazikutoka katika kazi yoyote, bali zilitoka kwa waliopanda nyuma yao, na mchezo wa namna hiyo lazima ufike siku ambayo wapandaji wapya hawatoshi. Mwaka 2013 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani viongozi wake. Lakini fedha za wajane, za ada za shule na za mazao hazikurudi kwa hukumu ile.

Kwa nini watu wengi waliingia? Hawakuvutwa na kibao cha barabarani. Waliambiwa na mtu wanayesali naye, kwa maneno wanayoyasikia ibadani: kupanda, mbegu, kuvuna. Tangazo lilikuwa limevaa nguo za undugu. Hapo ndipo hatari yenyewe ilipo. Mgeni akikuuzia kitu, akili yako iko macho. Ndugu wa jumuiya akikuuzia, akili yako imekaa chini kunywa chai. Kama katika kila kikundi ingalikuwapo desturi ya kumwuliza mleta habari mbele ya watu wote, "Ndugu, wewe wapata nini katika jambo hili?", nadhani wengi wangaliokoka.

Kutunga kanuni ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni siku ile inapomgusa mkubwa. Yuko mzee mmoja hapa kwetu, mtu wa heshima, ambaye kila parokia ilipokuwa na shida alitoa bila kuulizwa. Ana duka la pembejeo. Alikuja ofisini Jumamosi moja na karatasi iliyoandikwa vizuri, akitaka niisome pamoja na matangazo ya Misa: mbolea imefika, bei nafuu, wahini dukani.

Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Ni maneno machache tu."

Nikayasoma, nikamwambia, "Mzee wangu, matangazo ya Misa ni ya ndoa, ya wagonjwa na ya kazi za parokia. Lakini ubao wa nje una pembe ya biashara. Nitakuandikia tarehe, ikae mwezi mmoja kama ya kila mtu. Na baada ya mkutano wa bustani, kando ya uzio, nafasi yako ipo."

Akanitazama. "Mwalimu, mimi ni mgeni hapa?"

"La, mzee. Ungekuwa mgeni, ningekuambia uje kwanza mara tatu."

Hakucheka. Aliikunja karatasi yake akaenda. Mikutano mingi imepita tangu siku hiyo, naye hajaja kando ya uzio, ingawa kanisani tunasalimiana kama kawaida. Jambo hili laniuma, maana ni mtu mwema, na mbolea yake ni halali na haina kasoro. Watu wengine wameniuliza kwa nini sikumsomea mistari ile mitatu, kwa heshima ya mema yake. Nimewajibu hivi: ningemsomea yeye, wiki ya pili ningepata la kumjibu nani? Mwenye duka la pili angekuja, na mwenye mashine ya kusaga, na dalali wa viazi, na wote ni waumini, na wote wametoa sadaka. Na yule mjane wa miche angezidi kukaa nyuma, maana yeye hakutoa mabati. Kanuni isiyomgusa mkubwa yabaki kuwa kamba ya kuwafungia wadogo.

Mjane mwenyewe aliposikia kanuni zetu, alisimama kando ya uzio kwa mara ya kwanza akiwa na miche sita tu, mtandio ameufunika mpaka mdomoni. Mwanamume mmoja aliyewahi kupewa mche naye akasema mbele ya wote kwamba wake ulishika. Hakuna neno lingine lililosemwa. Miche iliyobaki nyumbani ikafuatwa kabla masika hayajakolea. Na chini ya mti maswali yamerudi. Mwezi uliopita tulibishana karibu saa nzima juu ya jani moja la mpichesi, na hakuna aliyetaja shilingi.

Ndugu msomaji, kikundi chako huenda si cha bustani. Huenda ni kwaya, huenda ni timu ya mpira ya vijana, huenda ni akina mama wanaofuma vikapu. Mtu akija na cha kuuza, msimfukuze kabla hamjamsikia, wala msimwachie mkutano mzima. Mwulizeni mambo matatu mbele ya wote: wapata nini katika jambo hili? Ni nani kati yetu amekwisha kukitumia? Na kama leo hakuna atakayenunua, mwezi ujao utakuja kukaa nasi? Mwenye majibu mema mwonyesheni mahali pa kuweka kikapu chake. Na mkishaandika kanuni, isomeni kwanza mbele ya yule mnayemheshimu kuliko wote, kabla hajawa na kitu cha kuuza.